Alfajiri Katika Msitu wa Kakamega



Watu wa Ulaya wana majira ya machipuko, nao huyangojea kwa hamu kwa sababu ndio wakati ndege wao hurejea. Sisi majira hayo hatuna. Tulicho nacho ni kaskazi inayokaribia kukatika na masika yaliyo mlangoni, na katika siku hizo za Februari na Machi mbayuwayu wale wale wanaongojewa huko hujikusanya huku kwetu tayari kwa safari. Ndio wakati tuliouchagua kwenda Kakamega, njia za msitu zingali kavu.

Ni mbali kutoka Pwani, hilo hatulifichi. Ukishafika Kisumu husalia kama kilomita 50 kuelekea kaskazini. Lakini nchi hiyo si ngeni kwa wazee wetu: misafara ya Waswahili ilifika Mumias kwa Nabongo katika karne ya 19, na Uislamu ukatia mizizi huko. Msafiri asihofu kukosa msikiti wala wa kumwamkia.

Msitu wenyewe ni kipande kilichosalia cha msitu mkubwa wa mvua uliowahi kuenea kutoka Kongo. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 240, ingawa miti ya asili haifiki hata nusu yake. Hata hivyo ndege wake wanapita aina 300, na baadhi yao mtu hatawaona popote pengine nchini Kenya. Aliyezoea Arabuko-Sokoke yetu, na mchanga wake na joto lake, atastaajabu: hapa ardhi ni nyeusi, hewa ni baridi, na matawi yamefumana juu hata jua huingia kwa vijitone.

Tuliswali Alfajiri, tukaingia msituni kwa upande wa Isecheno pamoja na mwongozaji wa hapo. Kwa muda tulisikia tu. Kisha akatokea shorobo mkubwa wa buluu, ndege mwenye urefu wa karibu sentimita 75 na shungi jeusi kichwani, akikimbia juu ya tawi kama kuku aliyeitwa kula. Watoto walicheka, nasi pia. Mbele kidogo siafu walikuwa wakivuka njia, na ndege wadogo wamewazunguka kimya. Ndege hao hawali siafu. Huwadaka wadudu wanaotoka mafichoni kuwakimbia. Tulisimama hapo muda mrefu kuliko popote, suruali tumezichomeka ndani ya soksi.

Halafu hondohondo. Mwongozaji alituonyesha tundu kwenye shina la mti mkubwa, akatueleza kwamba jike hujifungia humo, mlango ukazibwa kwa udongo ukabaki ufa mwembamba tu, na dume humlisha yeye na kinda kwa ufa huo kwa miezi kadhaa. Dume akidhurika, nyumba nzima iko hatarini.

Kuhusu picha, tunaulizwa mara kwa mara. Wanavyuoni wamehitilafiana katika picha za kamera, na wengi wa zama zetu wameziruhusu pasipo na haramu ndani yake, hatutalirefusha hapa. Lililotushughulisha sisi ni namna picha inavyopatikana. Tulikuta wageni waliokuwa wakipiga sauti ya ndege kutoka kwenye simu, tena na tena, ili ndege adhani mwenzake amemvamia, aje mbele ya kamera. Alikuja, manyoya yamemsimama, akizunguka kumtafuta adui asiyekuwapo. Tulimkumbuka yule ndege wa hadithi aliyoipokea Abu Daud, ambaye masahaba walichukua makinda yake mawili, naye akawa anapapatika. Mtume, rehema na amani zimshukie, akauliza ni nani aliyemtaabisha kwa watoto wake, akaamuru arudishiwe. Tuliwaeleza wageni kwa upole. Mmoja alizima simu; wenzake walisogea mbele.

Mwongozaji alisema pia juu ya kasuku wa kijivu, ambaye zamani alikuwa sehemu ya msitu huu na sasa karibu ametoweka. Miti mikubwa yenye matundu ya kutagia imekatwa, na makinda yakakamatwa kuuzwa. Tangu 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Tunalisema hili kwa sababu nyumba za Pwani zinapenda kasuku. Kumfuga ndege kwa wema kuna ruhusa, na hadithi ya mtoto Abu Umair na kindege chake inajulikana. Lakini mama anayeletewa kasuku mlangoni kwa bei rahisi, amuulize muuzaji ametoka mti gani.

Kwa watakaokwenda: chukueni sweta, viatu vya kufunika, na darubini hata moja ya kupokezana. Upande wa kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu 1985, na malipo yake ni mbali na ya Isecheno. Ingieni mapema. Ikifika saa nne ndege hunyamaza, na mchana mvua huweza kunyesha hata kabla ya masika.