Neno la Daktari na Tarakimu Zake

Mtu aniulizapo kazi ninayoisomea, hunilazimu kuanza mbali. Mama yangu, aliye Tanga, aliposikia kwa simu kwamba najitayarisha kwa mtihani wa "koding", alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, umekwenda Marekani kukusanya kodi?" Nilicheka, walakini swali lake halikuwa mbali sana na ukweli. Katika nchi hii ugonjwa hauna budi kugeuzwa tarakimu kabla ya kulipiwa. Daktari huandika maneno. Karani huyageuza maneno hayo kuwa alama. Na shirika la bima huanza kwa kuzisoma alama.

Sikuichagua elimu hii kwa mapenzi. Mwaka 2021, hapa Columbus, Ohio, mume wangu alikwenda kutazamwa katika zahanati moja. Daktari aliona sukari imezidi katika damu yake, akaandika kwamba yamkini ni kisukari, na akaagiza vipimo vingine. Vipimo vilipokuja vilionyesha kuwa hana ugonjwa huo. Tulishukuru, tukasahau. Mwaka uliofuata aliomba bima ya maisha, akajibiwa kuwa ada yake itakuwa kubwa kwa sababu ana kisukari. Tulipotaka kuona kumbukumbu zake, tuliikuta alama E11.9, yaani kisukari cha aina ya pili kisicho na madhara zaidi. Dhana ya daktari ilikuwa imepita mikononi mwa karani ikawa hukumu.

Wakati huo mimi nilikuwa nikifanya kazi ya usiku ya kutunza wazee, na mgongo ulikwisha anza kunilalamikia. Nilifikiri kwamba kazi ya kuketi ingeufaa mgongo, na kwamba ingefaa pia kujua ni nani aliyekosea. Hivyo nikajiandikisha.

Mtihani wenyewe, utolewao na chama kiitwacho AAPC, una maswali 100 kwa muda wa saa 4. Anayepata 70 kwa mia amefaulu. Vitabu vinaruhusiwa, navyo ni vitatu: kimoja cha magonjwa, kimoja cha matendo ya waganga, na kimoja cha vifaa, dawa na huduma nyingine. Mtu asiyeujua hudhani kuwa mtihani wa vitabu wazi ni mchezo. Nami nilidhani hivyo. Lakini ukigawanya muda huo kwa maswali, kila swali hupata dakika 2 na sekunde 24, na kitabu cha magonjwa peke yake kina alama zaidi ya 70,000. Asiyejua pa kufungua huzama katika karatasi kama mtu aliyeingia sokoni siku ya gulio kumtafuta mtoto aliyepotea.

Mara ya kwanza, mwaka 2023, nilipata 64. Nililia chooni, sina haja ya kuficha. Nilipojichunguza nilitambua kuwa makosa yangu mengi yalikuwa ya aina moja: nilitegemea faharasa, nikaacha kwenda kuthibitisha katika orodha yenyewe, hali kanuni inaamuru kwenda. Kosa jingine lilikuwa la herufi moja tu. Chukua S52.501A. S52 ni kuvunjika kwa kigasha. 5 ni ncha ya chini ya mfupa wa upande wa kidole gumba. 0 ni kwamba namna ya kuvunjika haikuelezwa. 1 ni mkono wa kulia. Herufi A niliishika kuwa ni "safari ya kwanza kwa daktari". Sivyo. A hudumu maadamu mgonjwa angali akitibiwa jeraha lenyewe, hata kama amekwenda mara tano. Matibabu hayo yakiisha, mfupa ukawa unaunga tu, ndipo huja D.

Jambo lililonifunza zaidi lilikuwa homa. Kwetu neno hilo ni pana kama bahari: mtoto akichemka mwili ana homa, mwenye malaria ana homa, mwenye mafua ana homa. Kitabu hakikubali upana huo. Homa isiyojulikana asili yake ni R50.9, malaria isiyotajwa aina ni B54, malaria ya falsiparumu, isipoelezwa zaidi, ni B50.9. Nilikumbuka utotoni jinsi tulivyoitwa wagonjwa wa malaria kabla damu haijapimwa, tukanyweshwa dawa, na nikaona kuwa ukoo wetu mzima ulikuwa wa makarani wabaya.

Kisha nikafika kwenye kanuni niliyokuwa nikiitafuta bila ya kujua jina lake. Kwa mgonjwa asiyelazwa, ugonjwa ulioandikwa kwa "yamkini" au "anashukiwa" haupewi alama. Huandikwa dalili iliyoonekana tu. Ya mume wangu ilipasa kuwa R73.9, sukari iliyozidi katika damu, basi. Lakini kwa aliyelazwa hospitalini, dhana ikibaki mpaka siku ya kuruhusiwa kutoka, huandikwa kana kwamba ugonjwa upo. Sababu yake nimeifahamu: hospitali imetumia vipimo na uangalizi sawasawa na ambavyo ugonjwa huo ungetaka. Kuridhika ni jambo jingine. Sioni kwa nini maneno yale yale yawe shaka nje ya wodi, na yakwishavuka kizingiti yawe yakini.

Nilimwandikia msimamizi wa kumbukumbu wa zahanati ile barua ya ukurasa mmoja, nikitaja kanuni hiyo. Sheria humpa mgonjwa haki ya kuomba masahihisho, na humpa mtunza kumbukumbu siku 60 za kujibu. Jibu lilikuja siku ya 41: alama imeondolewa. Hapakuwa na neno la radhi.

Nitaurudia mtihani Jumamosi ijayo. Kitabu cha magonjwa kimejaa mwandiko wangu wa wino mwekundu pembezoni, maana mwandiko wa mkono unaruhusiwa, ila karatasi za maelezo za kubandika haziruhusiwi. Usiku mume wangu huniletea chai mezani jikoni, vikombe viwili. Changu kina sukari. Chake, tangu ile barua ya bima mpaka leo, hakitii.