Maji Tuliyoyakataa

Wengi wetu hapa Sandoa tumekua tukitazama ngoma za vinyago vya Wachokwe. Miongoni mwa vinyago hivyo kimo kiitwacho Mwana Pwo, sura ya mwanamke kijana: macho yamefumba nusu, meno yamechongwa, na usoni mna chale. Achezaye nacho ni mwanamume, lakini hucheza kwa madaha ya mwanamke, na wazee husema kwamba ngoma yake huwaletea watazamaji uzazi na heri. Kwa fikara zao, uzuri haukuwa mali ya mwenyewe tu. Mwenye sura njema alidaiwa mema na kijiji kizima. Fikara hiyo sisi hatuicheki. Ila ina upande wake wa pili, nao ni huu: mwenye sura mbaya huaminiwa kwamba hawezi kuleta jema lolote. Upande huo tuliuona siku moja katika njia ya Kasaji, na hata leo tunauonea haya.

Ilikuwa miezi ya mvua. Tulikuwa tukirudi kutoka stesheni ya Kasaji, tumeketi juu ya magunia ya chumvi, gari likazama katika tope mpaka magurudumu yakafichwa. Kati yetu alikuwamo mama mmoja na mtoto wake wa miaka miwili, mwenye homa kali. Maji tuliyochukua yalikwisha adhuhuri. Sisi wanaume tulikata matawi, tukasukuma, tukatukanana kidogo kama ilivyo desturi ya njia ile, lakini gari halikutikisika.

Jioni akatokea mzee mwenye kibuyu. Hakukishika kama watu wanavyoshika, maana vidole hakuwa navyo. Alikibana kifuani kwa mikono yote miwili. Pua yake ilikuwa imebonyea, na nyusi zimekwisha. Akatusalimu kwa heshima, akasema, "Wanangu, maji haya nimeyachemsha. Mpeni mtoto kwanza."

Tukanyamaza. Ndipo mmoja wetu akajibu, "Asante, Tata. Weka pale chini." Akaweka, akarudi nyuma hatua kadhaa, kama mtu aliyekwisha kuzoea, akangoja. Hakuna aliyenyosha mkono. Mama akamfunika mtoto uso kwa kitenge chake. Mzee akatutazama kidogo, kisha akaenda zake, kibuyu akakiacha.

Nasi tulikuwa watu wa kanisa! Kila Jumapili ya mwisho ya Januari, siku ya wakoma aliyoianzisha Mfaransa Raoul Follereau mwaka 1954, tulikuwa tukitoa sadaka yetu bila kunung'unika. Kumpa mkoma si kazi ngumu. Fedha hupita katika kikapu, nawe humwoni. Kupokea kwake ndiko kulikotushinda.

Usiku mtoto alianza kulia bila machozi. Mama akaondoka peke yake gizani, akakichukua kibuyu, akamnywesha. Hakutuomba shauri. Asubuhi lori jingine lilituvuta, na mtoto akafika hospitali akiwa hai.

Mwuguzi aliyempokea alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatueleza mambo ambayo ilitupasa kuyajua zamani. Ukoma si laana, wala haurithiwi. Waletwa na kijidudu alichokigundua Hansen, mganga wa Norwe, mwaka 1873, na mtu huambukizwa hasa kwa kukaa siku nyingi karibu na mgonjwa asiyepata dawa, si kwa kupokea kibuyu njiani. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeagiza dawa zichanganywe. Mgonjwa hunywa kwa miezi 6 au 12, na haraka baada ya kuanza hawezi tena kumwambukiza mtu. Vidole navyo havianguki vyenyewe. Mishipa ya fahamu hufa, mtu asisikie moto wala mwiba, na vidonda vikampunguza kidogo kidogo. Dawa huua kijidudu, lakini vidole haivirudishi wala pua haiinyoshi. Basi mtu aweza kupona kabisa, na kubaki na uso wa ugonjwa mpaka kaburini. Sisi tulikimbia kovu.

Kisha mwuguzi akatuuliza, "Na mikono isiyosikia moto, mnadhani maji yale aliyachemshaje?"

Majuma matatu baadaye tulimrudishia mzee kibuyu chake, pamoja na chumvi na kitambaa. Mama alikuja na mtoto mgongoni. Mkono wa kuume wa mzee ulikuwa umefungwa tambara. Hakuusema, wala sisi hatukuthubutu kuuliza. Alitaka kujua tu kama mtoto anakula. Akakijaza kibuyu, akatupa tunywe. Mama akanywa kwanza. Sisi tukafuata mmoja mmoja, na tusiseme uongo: mmoja wetu aliupangusa mdomo wa kibuyu kwa shati lake, na mzee alimwona.