Sikio la Shokapu

Mteja hakunisalimu siku ile. Alishuka kwenye lori lililompa lifti, akaja moja kwa moja hadi kwenye benchi langu, akafungua gazeti na kuniwekea kipande cha chuma mezani. Lilikuwa sikio la juu la shokapu. Bolti niliyoikaza mimi ilikuwa bado imo ndani yake, na pembeni kimening'inia kipande cha chesisi kilichochanika. Land Rover yake alikuwa ameiacha njia ya Karatu, imebeba magunia kumi ya mbegu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, barabara ya kutoka Makuyuni kupanda huko haijawekwa lami. Nilikuwa na miaka minne katika gereji ile ya Arusha, na kazi kubwa nilishaanza kuachiwa peke yangu.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu, 109 Series IIA ya 1966. Wanaozijua 109 za wakati ule wanajua zinapougulia: hafu shafti za ekseli ya nyuma ni nyembamba, na dereva akiachia klachi kwa pupa, ana mzigo, yuko kwenye tope, moja inakatika. Mteja wangu alikuwa amekata tatu ndani ya mwaka mmoja. Dawa tuliyoijua ni kulivalisha ekseli ya Salisbury, ile iliyokuja na 109 za Series III. Difu yake ni kubwa kama chungu cha pilau ya harusi, hafu shafti zake zinahimili, na uwiano wa meno ni uleule, 4.7 kwa 1. Hilo la mwisho ni la lazima, maana ekseli ya mbele na ya nyuma zikitofautiana uwiano, siku utakapoingiza gea ya magurudumu manne zitavutana mpaka kitu kivunjike.

Tulipata Salisbury moja kwenye gari lililopinduka. Kazi ya kuiingiza naikumbuka kwa furaha mpaka leo. Pua yake imechomoza kuliko ya ile ya zamani, hivyo propela shafti ikabidi iwe fupi zaidi. Mabomba yake ni manene, yubolti za zamani hazikuyakumbatia, tukakunjisha mpya kwa mhunzi. Kilichokosekana ni sahani za chini za yubolti, ambazo ndizo zenye masikio ya kufungia shokapu. Aliyetuuzia ekseli alibaki nazo, na za kwetu matundu yake hayakulingana na yubolti mpya.

Nikaona nisisubiri. Nilikata masikio kwenye sahani za zamani nikayachomelea juu ya bomba la ekseli. Shokapu nilizokuwa nazo hazikukaa sawa kati ya hapo na chesisi, basi nikazilaza kuelekea ndani na kuchomelea masikio mapya ya juu, pale ambapo bolti ilikubali kupita. Wakati wote huo chesisi ilikuwa juu ya stendi, ekseli inaning'inia. Zilipoingia bila kulazimishwa, nikaamini nimemaliza.

Mzee aliyenifundisha alikigeuzageuza kile kipande mkononi.

"Ulipopima, gari lilikuwa wapi?"

"Kwenye stendi, mzee."

"Twende tukalilete, halafu tupime tena."

Hakuniambia zaidi, wala hakunigombeza mbele ya mteja. Kwa hilo namshukuru hadi leo.

Gari liliporudi alinifanya nifungue springi za nyuma na kuzipunguza, nibakize jani kuu peke yake kila upande, ili jeki iweze kuinua ekseli mpaka mwisho. Mahali pa shokapu tukaweka vipande viwili vya bomba, kimoja kinaingia ndani ya kingine. Tukainua mpaka raba ya kuzuia ekseli isigonge chesisi ikabanwa kabisa, nikakwaruza alama kwenye bomba: sentimita 34 toka tundu hadi tundu. Tukashusha ekseli ikaning'inia: 52. Kisha akanipa shokapu niliyokuwa nimeifunga, akasema niisukume mpaka ikome. Ilikoma kwenye 37.

Sentimita tatu. Kila korongo lililokutana na ule mzigo, shokapu ilifika mwisho kabla ya raba kugusa, na uzito wote ukashukia kwenye sikio nililolichomelea juu ya bati la chesisi.

Tulikata kila nilichokuwa nimekichomelea. Kwenye bomba la ekseli tuliondoa kwa gurudumu la kusagia, taratibu, kwa sababu moto mwingi mahali pale unaweza kulipinda bomba, na hapo sili ya mafuta haitadumu. Tukatafuta sahani zinazoifaa Salisbury, za kulia na za kushoto, zikachukua siku kumi na moja kupatikana. Shokapu tukazisimamisha karibu wima. Mzee alijua kwa mikono kwamba shokapu iliyolala haina nguvu. Hesabu yake niliijua baadaye, kwamba ukiilaza nyuzi 30 inabaki na robo tatu ya nguvu yake kwenye gurudumu, na ukiilaza nyuzi 45 inabaki nusu. Zile zangu nilizilaza karibu nyuzi 40.

Bolti za springi hatukuzikaza mpaka gari liliposhuka chini, likasimama kwa uzito wake. Ukizikaza likiwa hewani, bushi zinabaki zimejisokota na mpira unachanika mapema.

Tukapakia mawe, nikaendesha hadi Makuyuni na kurudi, mteja yuko pembeni yangu, kimya. Tuliposimama getini nililala chini ya gari nikashika shokapu ya kulia, kisha ya kushoto. Shokapu inayofanya kazi hupata moto. Zote mbili zilikuwa za moto, na moto wake ulikuwa sawa.

"Vipi, fundi?" aliniuliza akiwa ameinama. Ndiyo mara ya kwanza aliniita hivyo tangu lile gazeti.

Nikamwambia aingize mkono ashike mwenyewe.