Muhuri wa pauni 2

Mama mmoja wa Tanga anayeishi Uingereza alikinunua kwenye duka la mitumba kwa pauni 2: kidude cha duara, kizito kuliko kinavyoonekana, upande mmoja vichwa vya wazee wawili wenye ndevu, upande wa pili maandishi ya Kilatini. Mumewe alikipima mkononi. "Mama watoto, hii huenda ni mali."

Usiku ule walikesha na simu. Kinafanana na muhuri wa Papa Innocent III, aliyeongoza Kanisa Katoliki kuanzia 1198 hadi 1216. Enzi zile barua za papa zilitiwa kamba, na ncha za kamba zikabanwa ndani ya kipande cha risasi kilichogongwa chapa: Petro na Paulo huku, jina la papa kule. Watu wenye vifaa vya kutafutia vyuma ardhini huiokota hadi leo kwenye mashamba ya Uingereza. Kabla ya alfajiri walishapiga hesabu ya tiketi nne za kwenda kumwona bibi.

Ofisa wa makumbusho hakuchukua hata dakika tano. Alikigeuza akaangalia ukingo. Muhuri halisi una tundu linalopita ndani ya unene wake, njia ya kamba. Hiki hakina. Kina mstari mwembamba uliokizunguka, alama ya kalibu ya vipande viwili. Ni nakala, pengine ya kuuziwa watalii. Bei hakutaja, si kazi yake. Lakini hata mihuri halisi ya aina hii mara nyingi huuzwa mnadani kwa makumi au mamia ya pauni, si maelfu. Nakala thamani yake ni zile zile pauni 2.

Ndipo mama akauliza swali ambalo lingepaswa kutangulia bei: kimetengenezwa kwa madini gani? Ofisa akasema kwa macho tu hawezi kujua. Huenda ni risasi, au mchanganyiko wenye risasi.

Mtoto wao wa mwisho, wa mwaka mmoja na nusu, meno yanamsumbua. Alikuwa amekinyonya siku tano.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima ile anayoimeza. Mara nyingi mwanzoni hakuna dalili yoyote, huku ubongo ukiendelea kudhurika. Kumwangalia tu mtoto anacheza vizuri hakutoshi; kinachojibu ni kipimo cha damu.

Kesho yake alimpeleka hospitali, kidude kikiwa kwenye mfuko uliofungwa. Daktari hakumcheka. Damu ikatolewa, mtoto akalia, mama akageukia ukutani. Siku za kusubiri hakuna aliyetaja tiketi.

Majibu yalionyesha kiwango cha chini. Mama alitaka kidude kitoke nyumbani siku hiyo hiyo. Baba akaomba kibaki. Sasa kimo ndani ya chupa iliyokazwa kifuniko, juu ya kabati, na mtoto akipita hapo hukinyooshea kidole: "Angu."