Mboga ni Ipi Hapa?

Mwanafunzi wa Historia huijua Raskazone kwa vita vya Novemba 1914, majeshi ya Waingereza yaliposhuka ufukweni hapo, wengi wao wakiwa askari kutoka India, yakashindwa na Wajerumani na askari wao wa Kiafrika. Sisi wa Tanga tunaijua zaidi kwa upepo wa bahari na vijana wanaokwenda kuogelea jioni. Mimi nataka kukusimulia chakula tulichokula huko siku mama yangu alipoagwa baada ya kustaafu uuguzi, kwa kuwa ndani ya habari hiyo limo neno moja la Kiswahili ambalo huenda unadhani unalijua.

Neno lenyewe ni mboga. Ukirudi nyumbani kutoka shule na njaa yako, unauliza, "Leo mboga gani?" Ukijibiwa "Samaki", hushangai. Mboga kwetu ni chochote kinachosindikiza wali au ugali: dagaa, nyama, maharage. Ndiyo sababu tukitaka kuutaja mchicha na matembele hatuna budi kuongeza neno, tuseme mboga za majani. Na mtoto wa tajiri tunamwita wa mboga saba, wala hatuna maana kwamba kwao hupikwa mchicha wa aina saba.

Sasa, mama alikuwa na mwenzake wa zamu, Mhindu, ambaye sisi watoto tulimwita mama mdogo. Kila sikukuu alikuja kwetu na ladu alizotengeneza mwenyewe, akakaa mkekani pamoja na wageni wengine, na hakula kitu. Alikunywa soda. Msimu wa machungwa ya Muheza alichukua moja, akaomba kisu, akamenya mwenyewe. Si kwamba alitudharau. Yeye hali nyama wala samaki, na sufuria zetu na miiko yetu vyote vilikuwa vimepita kwenye nyama. (Usije ukaandika kwenye mtihani kwamba Wahindu wote ni hivyo, wapo wanaokula samaki na hata nyama. Wapo pia wafuasi wa Ujaini wasiogusa viazi wala karoti, kwa sababu kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima pamoja na vidudu vya udongoni.)

Kwa hiyo mama aliposema sherehe yake ifanyike kwenye mkahawa mmoja mdogo wa Raskazone ambao jiko lake halipiki nyama kabisa, nyumbani paliwaka moto. Mjomba ndiye aliyekasirika kuliko wote.

"Dada, watu watasema tumeshindwa kununua hata kilo mbili za nyama!"

Mama akamjibu taratibu. "Kaka, wewe ukialikwa, swali lako la kwanza ni nani kachinja. Usipopata jibu huli, na hakuna anayekulaumu. Mwenzangu miaka yote hii hajauliza kitu. Anakaa na soda yake."

Nani kachinja. Swali hilo si dogo katika nchi yetu. Februari 2013, huko Buseresere, mkoani Geita, ugomvi wa nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuzwa ulifika hadi mtu kuuawa. Mjomba alilijua hilo, na nadhani ndilo lililomnyamazisha, ingawa alikuja Raskazone amenuna.

Kinachonishangaza mimi ni aibu yetu. Mtu wa pwani anakula mbaazi za nazi kwa mahamri asubuhi, mchana kisamvu cha nazi, usiku muhogo, na siku nzima hajaonja nyama wala hajajiona maskini. Mboga nzuri zinatushukia kutoka milima ya Lushoto, nazi tunazo. Lakini akija mgeni, vyote hivyo tunavificha kana kwamba ni siri ya nyumba. Hapo ndipo nyama inapoacha kuwa chakula ikawa cheo.

Basi tukakaa, Waislamu na Wakristo na mama mdogo. Kila mmoja aliletewa sinia la chuma lenye wali na chapati zilizopakwa samli, na vibakuli vimezunguka pembeni: dengu, bamia, biringanya, viazi, mchicha uliochanganywa na jibini, mtindi, achari ya embe. Mjomba akavitazama, kisha akamwita mhudumu.

"Mwanangu, mboga ni ipi hapa?"

Kijana akamwonesha kimoja kimoja.

"Hizo nimeziona. Mboga yenyewe?"

Meza nzima ilicheka, na mama mdogo, ambaye Kiswahili chake ni cha Tanga kuliko changu, alicheka hadi akafuta machozi. "Kaka, hesabu vibakuli," akamwambia. "Leo wewe ni wa mboga saba."

Kisha akakata chapati yake, akachovya kwenye dengu, akala. Mama yeye hakuwa akila. Alikuwa ameshika kipande cha chapati mkononi, anamtazama mwenzake akitafuna, akinyoosha mkono kuchukua achari, akiomba aongezwe wali. Hakuna aliyesema neno juu ya jambo hilo. Tuliongea habari za zamu za usiku, za mvua, za bei ya nazi.

Baadaye Mjomba alimwita tena yule kijana, akanyoosha kidole kwenye kibakuli cha biringanya kilichokwisha kuwa kitupu.

"Niongezee mboga hii."