Gasketi

Mwaka jana niliwadanganya wenzangu watatu kwa wiki mbili nzima. Sikusema neno hata moja la uongo, nilinyamaza tu. Kilichonifunga mdomo ni kikaratasi chembamba, duara lake kama kizibo cha soda.

Tulikuwa wanne, mwaka wa tatu, tunaunda ndege ndogo ya kuongozwa kwa rimoti. Siku hizi wengi wanaweka mota ya umeme na betri, na wana haki: ni safi na haimwagi mafuta. Sisi tuling'ang'ania injini ya viharusi viwili kwa sababu tulitaka kuiona kwa macho ile kitu tuliyochorewa ubaoni mihula yote. Halafu kuna mzee mmoja alikuwa anahama nyumba, akatuuzia O.S. Max 40 ya Kijapani kwa bei ya kutupa. Hiyo 40 maana yake ujazo wa silinda ni 0.40 ya inchi ya ujazo, yaani kama sisi 6.5 hivi. Boom lilikuwa limetoka juzi, tukachanga.

Injini ya mtumba ni kama godoro la mtumba: hujui aliyeilalia aliiachaje. Yetu ilikuwa haizunguki kabisa. Mimi nikataka koleo. Mshika hesabu wetu, dada mmoja asiye na haraka na kitu, akanipokonya. Alikuwa amesoma kwamba injini hizi hulainishwa na mafuta ya nyonyo, na mafuta hayo yakikaa miaka hukauka yakawa kama gundi. Ukilazimisha, unavunja. Akaenda hosteli kwao, akarudi na drai ya nywele. Dakika kumi za hewa ya moto, tone la mafuta mepesi, injini ikalegea yenyewe. Tukazungusha propela kwa mkono, ikagoma kidogo juu halafu ikapita. Mgandamizo upo. Jamani, tulipiga kelele kama tumefunga goli.

Mafuta yake si petroli. Ni methanoli sehemu 80 na mafuta ya nyonyo sehemu 20; wengine huongeza nitromethani kidogo, sisi hatukuwa nayo. Methanoli si ya kuchezea: ukiinywa inapofusha na kuua, inapenya hata kwenye ngozi, na ikiwaka mchana moto wake karibu hauonekani. Fundi wa maabara ndiye aliyetupimia, na alisimama pale mpaka chupa ikafungwa. Nyonyo tulitafuta safi, isiyotiwa manukato ya saluni.

Plagi yake nayo ina maajabu. Haitoi cheche. Ndani ina waya mdogo wa platini. Unaupasha kwa betri ya volti 1.5 wakati wa kuwasha, halafu unaondoa betri. Joto la mgandamizo, na methanoli yenyewe inapokutana na platini, vinaufanya waya uendelee kuwa mwekundu. Injini inajiwasha kila mzunguko bila waya wowote wa umeme.

Usiku wa kuamkia siku ya kuwasha, injini ililala chumbani kwangu. Sikuweza kuvumilia. Nikafungua skrubu nne za mfuniko wa nyuma nione kranki inavyokaa. Niliona. Nilipokuwa naufunga, nikakuta gasketi ya karatasi imechanika upande mmoja. Nikaipanga kwa ukucha, nikakaza skrubu, nikalala. Nikajiambia, kamchaniko kadogo vile katafanya nini?

Kesho yake tukafunga injini kwenye mbao nzito, propela ya 10 kwa 6, sindano ya kabureta tukaifungua mizunguko miwili na nusu. Ukiidondoshea mafuta inawaka, inalia sekunde tatu kama nyuki aliyekasirika, inazima. Tena. Tena. Wiki mbili. Tulishusha tangi, tulipandisha tangi. Tulibadilisha mpira wa mafuta. Tukachanga tena kununua plagi mpya, na najua kwa hakika kuna mwenzetu aliyekuwa anaruka chakula cha mchana wiki hiyo. Mwingine akaanza kumsema yule mzee aliyetuuzia: katupiga, katuuzia kitu imenoki. Nikaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo ninapoona aibu zaidi kuliko pote.

Mwishowe nikawapeleka kwa mjomba wangu, ana gereji Buguruni. Ujana wake alitengeneza zile Yamaha za viharusi viwili za mabwana shamba. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akaizungusha injini huku na huku bila kuuliza somo hata moja. Akachukua povu la sabuni, kama fundi pancha, akapaka kwenye maungio yote. Akazungusha propela taratibu. Kwenye mfuniko wa nyuma yakatoka mapovu.

"Hii injini inavuta mafuta kupitia tumboni," akawaambia wenzangu. "Pistoni ikipanda, tumbo linanyonya. Tumbo likiwa na tundu, linanyonya hewa ya bure, mafuta hayaji. Nani alifungua hapa?"

"Hatujafungua, fundi," mshika hesabu akajibu. Kwa imani kabisa.

Mjomba akatazama vichwa vya skrubu vilivyokwaruzwa, kisha akanitazama mimi. Hakusema kitu. Nikasema, "Mimi. Usiku ule kabla hatujawasha."

Hakuna aliyenitukana, na ningependa wangenitukana. Mjomba akachukua kipande cha boksi jembamba, akakiweka juu ya tumbo la injini, akakigongagonga kingo kwa nyundo ndogo mpaka umbo likajichora, akakikata kwa wembe, akakipaka grisi. "Mjomba," akaniambia huku anakaza skrubu, "injini haijui kuficha. Wewe ndiye uliyeficha."

Tukaiwasha hapohapo, kwa kijiti kilichofungwa mpira, si kwa kidole. Propela haina huruma. Wote nyuma, hakuna aliyesimama usawa wa mabawa yake. Ikashika. Tukaondoa betri, ikaendelea. Tuliiachia mafuta mengi kwanza, ikawa inaruka moto mzunguko mmoja na kuwaka mwingine, moshi mzito unatoka ekzosi, nyonyo inarukia mashati. Halafu mjomba akanisogeza nyuma yake nikafunga sindano kidogo kidogo, sauti ikapanda ikawa moja, nyororo. Akaniambia nirudishe robo mzunguko, isije ikakauka. Tangi zima ililia.

Mshika hesabu hakushangilia. Alifungua daftari la mradi, akaandika bei ya plagi mpya na jina langu mbele yake. Chini yake akaandika sheria ambayo sasa kila mmoja wetu anaifuata: anayefungua skrubu anaandika, saa na sababu. Deni nililipa boom lilipotoka. Kwa yule mzee nilienda mwenyewe, nikamwambia injini yake ilikuwa nzima. Alishangaa, hakuwa anajua kwamba tulikuwa tunamsema.