Nani Hayupo?

Mimi ni muuguzi. Kwa miaka mingi nimehudumu katika zahanati ya chuo kimoja, na wanafunzi huniita Sista ingawa nina mume na watoto watatu. Leo sitaandika juu ya malaria wala shinikizo la damu. Nataka kuwasimulia siku niliyokimbia nikamwacha mtu nyuma.

Ilikuwa Novemba 2017, yapata saa nne asubuhi. Nilikuwa nimepanda ghorofa ya pili kupeleka karatasi za bima za wanafunzi kwa msajili. Mwisho wa korido ile kuna kichumba cha ndoo na mafagio. Mlango ulikuwa wazi, nikamwona mama wetu wa usafi amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, anakunywa chai ya rangi kwa kikombe cha bati. Mama huyu ni kiziwi tangu utotoni. Tulipungiana mikono, nikaendelea na safari yangu.

Sikumaliza hata kusaini kitabu cha msajili. Chumba cha fotokopi kilikuwa na ekstensheni moja iliyobebeshwa mashine yenyewe, birika la umeme na friji ndogo ya soda. Ilikuwa imebeba mzigo huo kwa miaka, nasi tulipita hapo kila siku tukiiona. Siku hiyo ikashindwa. Tulisikia harufu ya mpira unaoungua, halafu moshi mweusi, halafu mtu akapiga kelele, "Moto!"

Jengo letu lina ngazi mbili. Ile ya nyuma ilikuwa imefungwa geti la chuma na kufuli tangu kompyuta tatu zilipoibiwa, na ufunguo ulikaa kwenye droo ya mhasibu. Wengi wetu tulisahau. Kundi la wanafunzi likakimbilia huko, likakuta kufuli, likageuka kwa nguvu na kugongana na waliokuwa wanakuja nyuma yao. Binti mmoja alivunjika mkono hapo. Mimi nilishuka kwa ngazi ya mbele, nikisukuma na kusukumwa. Nasema kweli mbele za Mungu, sikumkumbuka mtu yeyote ila wanangu.

Nje, chini ya mwembe, kila mtu alikuwa na simu sikioni. Nilianza kazi yangu. Nilimfunga yule binti mkono kwa kitenge na ubao wa rula, nikamtuliza mwalimu mmoja aliyekuwa anahema kwa hofu, nikawakalisha wawili waliokuwa wanatapika. Nilifanya vizuri, na watu walinisifu. Wenye kulia walikuwa mbele yangu, nami niliwahudumia wenye kulia.

Gari la zimamoto lilipoingia getini, mlinzi wetu, mzee wa watu, akanijia polepole. Sikumpa hata shikamoo. Akaniuliza, "Sista, yule mama yuko wapi? Kila siku akimaliza chai yake hunishushia na mimi kikombe. Leo sijamwona."

Miguu ilinilegea. Kati ya watu zaidi ya 100 waliosimama pale, wengi wao wenye vyeti na shahada, aliyejua kuna mtu hayupo alikuwa mzee mmoja aliyekosa kikombe chake cha chai.

Niliwakimbilia wale vijana wa zimamoto nikawaambia: ghorofa ya pili, mlango wa mwisho kushoto. Hilo tu ndilo la maana nililofanya siku ile. Walivaa vinyago vyao vya hewa wakapanda, wakamleta amezirai, puani mna masizi, lakini anapumua. Nilimlaza ubavu ili ulimi na matapishi visimzibe njia ya hewa, nikakaa naye mpaka hospitali, ambako aliwekewa oksijeni. Alilazwa siku sita.

Baadaye tulielewa kilichomwokoa. Alikuwa ameufunga mlango ili avue nguo za kazi, na moshi ukaanza kupenya chini yake. Alipoufungua aliona korido imekuwa giza. Hakujitosa humo. Akaurudisha mlango, akaloweka matambara yake ndani ya ndoo, akaziba upenyo wa chini na kulala sakafuni mdomo karibu na saruji. Hakufundishwa na mtu. Mimi mwenye stashahada ya uuguzi sijui kama ningekumbuka kufanya hivyo.

Siku ya tatu nilikwenda wodini. Alinitazama sana, kisha akasema kwa mikono. Binti yake akanitafsiria: "Anauliza, mlikwenda wapi wote?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimekuwa msumbufu kidogo kazini, na wenzangu wananivumilia.

Dada zangu, tuanze na moshi. Wengi tunafikiri moto huua kwa kuunguza, kumbe ndani ya majengo moshi huua watu wengi kabla ndimi za moto hazijawafikia. Moshi una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, nayo hukaa mahali pa oksijeni ndani ya damu, mtu akalegea na kulala huku anajiona mzima. Kitambaa kibichi puani hupunguza masizi lakini sumu hiyo hakiizuii. Kwa hiyo ukiuona moshi, inama, tambaa ikibidi, maana hewa nzuri iko chini. Mlango uliofungwa uguse kwanza kwa mgongo wa mkono. Ukiwa wa moto, usiufungue, tafuta njia nyingine. Ukitoka, funga milango nyuma yako bila kuikaza kwa ufunguo, kwani mlango uliofungwa humchelewesha moto sana. Wenye lifti msiitumie. Njia ikikosekana kabisa, fanya kama yule mama, kisha jionyeshe dirishani.

Kama moto bado ni mdogo na mgongo wako unaelekea mlango wa kutokea, unaweza kuujaribu kwa ule mtungi mwekundu: vuta pini, lenga chini kabisa moto unapoanzia, bana mkono wake, peleka huku na huku. Mtungi mdogo humalizika kabla ya nusu dakika. Ukiisha na moto bado upo, ondoka. Moto wa umeme usiumwagie maji. Zima swichi kuu kwanza. Na mpigieni zimamoto mapema, hapa Tanzania ni namba 114. Sisi tulichelewa kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake amepiga.

Juu ya makufuli nitasema kwa uchungu. Mimi ni mzazi, na siwezi kusikia jina la Shauritanga kule Rombo, ambako wasichana zaidi ya 40 waliteketea bwenini mwaka 1994, bila kushika kifua. Wenzetu wa Kenya nao wana Kyanguli, Machakos, Machi 2001: wavulana 67 walikufa katika bweni ambalo mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana nondo. Sisi tunawaogopa wezi, na ni haki kuwaogopa. Lakini mlango wa dharura wenye kufuli ni ukuta tu uliopakwa rangi ya mlango. Yapo makomeo ambayo hufunguka kwa kusukumwa kutoka ndani na wala hayafunguki kwa nje. Si rahisi, najua. Chuo chetu kilinunua moja baada ya miezi saba ya mimi kuandika barua, na barua ya nne niliambatanisha gharama za hospitali za yule mama.

Halafu kuna hofu yenyewe. Mnakumbuka Aprili 2015 magaidi walivyoua watu 148 katika chuo kikuu cha Garissa. Siku kumi baadaye, alfajiri, nyaya za umeme zililipuka katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi waliamka wakidhani nao wamevamiwa. Wengine waliruka kutoka ghorofani. Mmoja alikufa na zaidi ya 100 waliumia, na hapakuwa na mshambulizi hata mmoja. Siwalaumu watoto wale. Nani aliwahi kuwaambia, ukisikia mlio usiku fanya hivi na hivi? Mtu asiye na la kufanya hukimbia kule wenzake wanakokimbilia.

Kinyume chake ni wale wanaokwenda kuchungulia. Tarehe 7 Agosti 1998, mabomu yalipolipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, nilikuwa binti wa sekondari. Baadaye katika mafunzo ya uuguzi ndipo nilipoelewa kwa nini wengi Nairobi walipoteza macho. Kulitangulia mlio mdogo, watu wa maofisini wakaenda madirishani kutazama, na mlipuko mkubwa ukawakuta uso kwa uso na vioo. Ukisikia mlio nje, kaa mbali na dirisha. Utasimuliwa baadaye.

Sasa nirudi kwenye lile swali la wodini, kwa sababu ndilo linaloniamsha usiku. Sisi wakristo tunaupenda mfano wa mchungaji aliyewaacha kondoo 99 akamfuata mmoja. Nimeusikia ukihubiriwa mara nyingi, na karibu kila mara tunasifu upendo wake. Mimi siku hizi najiuliza jambo la kawaida zaidi: alijuaje kwamba mmoja hayupo? Alihesabu. Jioni, amechoka, miguu ina vumbi, alisimama akahesabu. Sisi chini ya ule mwembe hatukuhesabu, tulikadiria tu kwa macho kwamba "wote wametoka".

Ili uhesabu lazima ujue walioingia. Hapa ndipo kazi ilipo, nayo hufanywa siku ambayo hakuna moto. Kila ghorofa pale chuoni sasa ina mtu wake mwenye orodha, na msaidizi wake siku asipokuwepo. Orodha ina walimu na makarani, na pia wafagiaji, mama anayeuza vitafunwa, mafundi wa siku moja. Hao ndio tulikuwa hatuwaandiki popote. Asiyesikia, anayetumia magongo, mjamzito wa miezi mikubwa, mwenye pumu, kila mmoja ana wenzi wawili waliokubali kwa midomo yao kwamba siku ya hatari watampitia. Wawili, kwa kuwa mmoja anaweza kuwa likizo. Na kuna mahali pamoja pa kukutania, mbali na jengo na njia ya magari ya zimamoto. Kwetu ni mwembe uleule.

Mjue pia kwamba dharura nyingi za ofisini hazina moto. Mwenzenu ataanguka. Usimwagie maji, usimnusishe kiatu wala kibiriti. Akiwa na kifafa, ondoa meza na viti, mwekee kitu laini kichwani, usimbane, usimtie kijiko mdomoni. Degedege likipita dakika tano, ni la hospitali. Aliyeungua, mwagie maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, na dawa ya meno ibaki bafuni. Asiyeitika na asiyepumua, tuma mtu mmoja kwa jina akaite msaada, wewe piga magoti, weka viganja katikati ya kifua na ukandamize kwa nguvu, kina cha sentimita tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Wengi huogopa kuvunja ubavu. Ubavu huunga.

Nimeanza kuwafundisha haya wahudumu wa mlangoni kanisani kwetu, Jumamosi mbili kwa mwezi. Siku ya kwanza niliwaomba wanionyeshe mlango wa pili wa kanisa. Tuliukuta nyuma ya maspika mawili ya kwaya na rundo la viti vya plastiki. Mwenyekiti wa kwaya hakunifurahia hata kidogo, lakini maspika yalihama.

Mwaka jana tulifanya zoezi chuoni, la nne tangu tuanze. Tulitangaza siku mbili kabla kwamba ni zoezi, wala sikubali kamwe lifanywe kwa kushtukiza. Nairobi, Novemba 2015, zoezi la namna hiyo lilichukuliwa kuwa shambulio la kweli, na mfanyakazi wa chuo kikuu kimoja akafa baada ya kuruka ghorofani. Filimbi ilipigwa saa nne kasorobo. Wenzi wa mama wa usafi walimgusa bega, wakashuka naye. Kifua chake bado kinamsumbua msimu wa baridi, kwa hiyo walishuka taratibu. Chini ya mwembe majina yakaitwa, na wasimamizi wa ghorofa wakasema wote wapo. Nilikuwa tayari kufunga kitabu changu.

Yule mama akanivuta mkono. Alihesabu nyuso kwa kidole, akarudia, kisha akaelekeza kidole juu, dirisha la tatu kutoka kona, ghorofa ya kwanza.

Tulipanda tukamkuta mhasibu. Alikuwa amejibu orodhani kwa simu, akiwa bado anafunga sefu.